Usiku wa Callao na Siku ya Mshahara

Ubishi wenyewe ulikuwa wa neno moja tu: mwanzilishi. Tulikuwa barazani kwa Mwalimu, mtaa wa Kuze, Mombasa, baada ya isha. Kahawa chungu inazunguka, sahani ya kashata iko katikati. Ndipo Afande alipotamka kwamba jeshi la wanamaji la Chile lilianzishwa na mtu mmoja, Mskochi, Lord Thomas Cochrane, na kwamba lau si yeye Wahispania wangekaa pale miaka mingine hamsini. Mwalimu, aliyesomesha historia mpaka akastaafu, aliweka kikombe chini polepole. Anayemjua Mwalimu anajua maana ya kikombe kuwekwa chini polepole.

Afande alitumikia jeshi la wanamaji la Kenya, kambi ya Mtongwe. Shangazi yangu, ambaye wale wawili humwita Bi Karani, kazi yake ilikuwa kulipa mishahara ya mabaharia katika ofisi ya wakala wa meli. Mimi nilikuwa mmiminaji kahawa. Niliyoyasikia ndiyo haya; kelele nimezipunguza, na pale walipozungumza wote watatu kwa pamoja nimewapanga foleni.

AFANDE: Mjueni mtu kwanza, halafu ndiyo mumhukumu. Amezaliwa 1775, mtoto wa mwinyi wa Scotland aliyemaliza mali yake kwa majaribio ya kemia. Kwa hiyo jina kubwa, mfuko mtupu. Akapanda meli ya ami yake mwaka 1793. Mwaka 1800 anapewa kijimeli kinaitwa Speedy, mizinga 14 midogo. Husemwa kwamba risasi za upande mzima angeweza kutembea nazo mfukoni. Mei mwaka uliofuata anakutana na manowari ya Kihispania, El Gamo. Mizinga 32, watu 319. Yeye ana watu 54!

MWALIMU: Kukimbia hakuwezekani?

AFANDE: Hakukimbia. Alitweka bendera ya Marekani ili wenziwe wasite, kisha akajibana ubavuni mwa ile manowari, karibu mno hata mizinga yao ikawa inapiga juu ya vichwa vya watu wake na kuharibu matanga tu. Halafu akaiparamia na watu wote. Aliyebaki kwenye usukani wa Speedy ni daktari wa meli, peke yake. El Gamo ikasalimu amri. Mimi, katika kazi yangu yote, sijasikia hesabu kama hiyo.

MWALIMU: Hesabu nzuri. Sasa tuletee ya mwaka 1814.

(Afande alijifanya anatafuta kashata isiyovunjika.)

MWALIMU: Basi nitaileta mimi. Februari 1814 uvumi unafika London kwamba Napoleon ameuawa. Bei za hati za serikali zinapanda, watu fulani wanauza, wanapata faida, halafu inajulikana kwamba Napoleon yu hai. Cochrane anashtakiwa pamoja na ami yake mwingine na wenzao, anapatikana na hatia, anafungwa, anafutwa katika orodha ya maofisa wa jeshi la majini na kuvuliwa nishani. Mpaka anakufa alisema hakuhusika, na wapo wanahistoria wanaomwamini. Sina ugomvi na hilo. Ninachosema ni kwamba wakala wa Chile aliyekuwa London, Álvarez Condarco, alipomwendea mwaka 1817, alimkuta bingwa asiye na kazi.

SHANGAZI: Alikuwa anatafuta kibarua.

AFANDE: Bi Karani, admirali hatafuti kibarua.

SHANGAZI: Kila mtu anayesaini kwenye daftari langu ni kibarua. Endelea, Mwalimu.

MWALIMU: Nakwenda Chile. Februari 1817 wazalendo wanashinda Chacabuco, na Bernardo O'Higgins anashika nchi. Itazameni ramani: nchi ni kama ukanda wa kiunoni, milima huku, bahari huku. Wahispania wako Lima, na kila askari wao anakuja kwa meli. O'Higgins aliliona hilo siku ile ile, kwamba ushindi wa bara bila bahari ni bure. Wakafanya nini? Bandari ya Valparaíso wakaiacha na bendera ya Uhispania inapepea. Meli moja ya Kihispania, Águila, ikaingia yenyewe bila habari, ikakamatwa. Hiyo ndiyo meli ya kwanza ya Chile. Wakanunua meli mbili kubwa za biashara zilizokuwa zikienda India, wakazipa mizinga na kuziita Lautaro na San Martín. Aprili 1818 kapteni wa Lautaro, O'Brien, anairukia Esmeralda ya Wahispania na kufia juu ya sitaha yake. Agosti 1818 O'Higgins anafungua chuo cha vijana wa kuwa maofisa wa meli. Oktoba meli nne zinang'oa nanga Valparaíso chini ya Manuel Blanco Encalada, kijana wa miaka 28 aliyepata kutumikia jeshi la majini la Uhispania.

AFANDE: Kijana ambaye hajawahi kuongoza hata...

MWALIMU: Ngoja. Huko Uhispania msafara umetoka Cádiz na askari, unasindikizwa na manowari María Isabel. Katika meli moja ya msafara huo askari wanaasi, wanaipeleka Buenos Aires, wanatoa kila siri: njia, mahali pa kukutania, alama za bendera. Habari zinafika Chile. Blanco anaikuta María Isabel ndani ya ghuba ya Talcahuano, Oktoba 28, anaiteka, na meli nyingine za msafara zinakuja moja moja kujitia mtegoni. María Isabel inapewa jina jipya, O'Higgins. Cochrane alitia mguu Valparaíso Novemba 28. Hesabuni wenyewe. Alipofika, meli zipo, chuo kipo, ushindi upo, na admirali yupo. Tena huyo admirali akajiuzulu cheo kwa hiari yake na kukubali kuwa msaidizi wa mgeni. Nani kati yenu angefanya hivyo?

Baraza ilinyamaza kidogo. Nakiri kwamba mpaka hapo nilikuwa upande wa Mwalimu, na hasa kwa huyo Blanco. Historia za jeshi zimejaa watu waliogombea usukani. Aliyeuachia akiwa ametoka kushinda ni nadra.

AFANDE: Mwalimu amenionyesha nyumba yenye kuta. Mimi nasema haikuwa na paa. Nipeni Valdivia. Bandari ile ilizungukwa na ngome, mizinga zaidi ya mia, Wahispania wakiiona kuwa haivunjiki. Januari 1820 Cochrane anakwenda kuipeleleza. Anapata askari 250 kutoka Concepción chini ya Mfaransa Beauchef, aliyepigana vita vya Napoleon. Njiani meli O'Higgins inakwama mwambani. Maji yanaingia ngamani, bomba za kuvuta maji ni mbovu, fundi wa meli hajui aanzie wapi. Admirali anavua koti. Anazitengeneza bomba kwa mikono yake.

SHANGAZI: Hilo nimelipenda.

AFANDE: Baruti imelowa. Kila mtu mwingine angerudi. Yeye anasema, vizuri, tutatumia singe. Anahamisha watu katika meli mbili ndogo, Intrépido na Montezuma, na machweo ya Februari 3 wanashuka pwani penye mawimbi. Kundi moja linapiga kelele mbele ya ngome ya kwanza, jingine linazunguka nyuma gizani. Wahispania wanakimbilia ngome ya pili, na waliokuwa wakiwafukuza wanaingia nao pamoja. Kisha ya tatu. Kukipambazuka, upande wote ule wa bandari umekwenda. Waliokufa kwa Cochrane ni watu saba. Saba, Mwalimu! Askari wa Blanco walikuwa jasiri, sikatai, lakini ni nani aliyewafundisha kwamba ngome isiyovunjika huvunjika?

MWALIMU: Akaenda Chiloé baada ya hapo, akafukuzwa.

AFANDE: Akafukuzwa. Baharia asiyewahi kufukuzwa hajasafiri. Sasa usiku wa Callao. Novemba 5, 1820. Esmeralda ile ile, mizinga arubaini na kitu, imelala chini ya ngome za Callao, imezungushiwa magogo yaliyofungwa minyororo na mashua za mizinga. Cochrane anachukua watu 240 wa kujitolea, mashua 14. Wote nguo nyeupe, kitambaa cha buluu mkononi, wasichinjane gizani. Bandarini kulikuwa na manowari mbili za nchi zisizohusika, moja ya Waingereza na moja ya Wamarekani, na alijua kwamba mapigano yakianza zitawasha taa za alama ili ngome zisizipige. Basi alikuwa ameuliza mapema taa hizo ni zipi. Esmeralda ilipotekwa naye akatundika taa zizo hizo. Wapigaji wa ngome wakabaki hawajui adui ni yupi katika watatu!

Afande alikuwa amesimama. Aliigiza jinsi Cochrane alivyosukumwa na mlinzi akaangukia mgongo ndani ya mashua, akapanda tena, akapigwa risasi ya paja, akaketi juu ya mzinga akifunga jeraha kwa leso huku akitoa amri. Jirani mmoja alichungulia dirishani kuona kama kuna ugomvi. Ndipo Shangazi aliposema.

SHANGAZI: Hao 240 walikuwa nani?

AFANDE: Mabaharia. Waingereza, Wamarekani, Wachile...

SHANGAZI: Walilipwa?

AFANDE: Ngawira iliahidiwa. Thamani ya meli.

SHANGAZI: Nimeuliza walilipwa.

Afande akamtazama Mwalimu, na Mwalimu akacheka, kicheko cha mtu aliyeona kamba imeshika samaki.

MWALIMU: Hawakulipwa, Bi Karani. Na hapo ndipo kisa chenyewe kilipo. Jenerali San Martín, aliyeongoza msafara wa Chile wa kuikomboa Peru, aliahidi kwamba Lima ikianguka, mabaharia wa kigeni watapata malimbikizo yao na bakshishi ya mshahara wa mwaka mzima. Julai 1821 Lima imeanguka, Peru imetangazwa huru, San Martín amekuwa Mlinzi wa Peru. Cochrane anamwendea: mabaharia wangu hawana mshahara, hawana nguo. San Martín anasema, mimi sasa ni wa Peru, mishahara ni deni la Chile. Chile nayo haina senti. Msafara wote ule ilikuwa imeutoa mfukoni mwake. Wakaachana kwa maneno makali, na kila mmoja ameandika upande wake. Septemba fedha ya serikali ya Peru imepakiwa melini huko Ancón. Cochrane anakwenda na kuikamata. Anawalipa mabaharia mshahara wa mwaka mmoja, nyingine anaiweka kwa matumizi ya meli. Yeye mwenyewe alisema hakuchukua kitu.

AFANDE: Alifanya sawa.

MWALIMU: Alifanya uharamia! Nchi ina umri wa wiki chache, hazina yake ya kwanza inabebwa na admirali wa nchi rafiki kwa mtutu. Unataka kuniambia huyo ndiye wa kuwafundisha vijana wa chuoni maana ya kutii serikali? Na hakuachia hapo. Alikwenda Brazil 1823, akawatoa Wareno Bahia, akaisalimisha Maranhão kwa uongo tu, kwamba nyuma yake kuna kundi zima la manowari. Mfalme akampa umarquis. Mwaka uliofuata alirudi Maranhão, akachukua fedha za umma kwa hoja ya madeni yake, halafu akaondoka na manowari ya Brazil hadi Uingereza. Husimuliwa kwamba Rais José Sarney, ambaye ni mtu wa Maranhão, alipofika kaburini kwake Westminster Abbey alilikanyaga na kumwita haramia.

SHANGAZI: Mwalimu, wewe umesoma vitabu na mimi nimelipa watu. Nisikilize. Kuna mwaka mshahara ulichelewa ofisini kwetu, mwezi wa pili, wa tatu. Sikuwa na cha kuwaambia. Wale watu walikaa gatini, jua la saa saba, hawakutukana, hawakupiga mtu. Walikaa tu na kunitazama kila nikipita. Meli ilikuwa tayari, shehena ndani, maji kupwa na kujaa. Haikuondoka. Bosi alikuja akahutubia kuhusu heshima ya kampuni. Serehangi mmoja mzee akamwuliza kama heshima hupikwa na nazi.

(Tulicheka wote. Yeye hakucheka.)

SHANGAZI: Baharia asiyelipwa si baharia tena, ni abiria mwenye kisu. Huyo Mskochi alilijua hilo, kwa sababu aliishi nao. San Martín hakulijua, alikuwa mtu wa nchi kavu. Askari wa nchi kavu humkamulia mwanakijiji ng'ombe akala. Huku baharini utakamua nini? Sisemi fedha ilikuwa halali yake. Nasema aliyeahidi na asilipe ndiye aliyeikamata kwanza. Lakini na wewe Afande, usiniambie kwamba huko ndiko kuanzisha jeshi. Mtu akilipa watu kwa kunyang'anya mara moja, mwezi unaofuata atanyang'anya wapi?

AFANDE: Kwa hiyo hukubaliani na yeyote.

SHANGAZI: Nani alilipa mwezi uliofuata? Huyo nitajieni.

Hakuna aliyekuwa na jina mdomoni. Nadhani lile ndilo swali pekee la usiku ule, na wanahistoria wa vita hulikwepa kwa sababu halina moshi wala taa za kudanganyia. Baada ya Ancón mabaharia wengi na baadhi ya maofisa walikwenda upande wa Peru. Mmoja wao alikuwa Martin Guise, Mwingereza, kapteni aliyekuwa pamoja na Cochrane usiku wa Esmeralda kisha wakakosana hadi kufikishana kwenye mahakama ya kijeshi. Leo Guise anatajwa miongoni mwa waasisi wa jeshi la wanamaji la Peru, na alifia Guayaquil mwaka 1828 akipigana chini ya bendera hiyo. Kundi moja la meli, ugomvi mmoja wa mshahara, majeshi mawili.

AFANDE: Sisi wenyewe si tulianza vivyo hivyo? Desemba 1964 jeshi letu linazinduliwa, kamanda Mwingereza. Mpaka 1972 ndiyo tukapata Mwafrika, Kimaro. Nilipojiunga amri nyingine tulizijua kwa Kiingereza kabla ya kujua maana yake. Hatukuona aibu. Mtu hujifunza kuogelea kwa anayejua.

MWALIMU: Na Zanzibar walikuwa na Mathews. Luteni wa jeshi la majini la Uingereza, mwaka 1877 Sultani Barghash anampa kazi ya kumuundia jeshi la mtindo wa Kizungu. Kazi akaifanya, tena vizuri. Mwaka 1890 Uingereza inaitia Zanzibar chini ya ulinzi wake, na 1891 Mathews ndiye waziri mkuu. Mwalimu wa kuogelea akawa mwenye bahari. Kwa hilo nampa Cochrane haki yake: hakuwa na serikali nyuma yake. Mwaka 1819 Waingereza walipitisha sheria ya kuwakataza watu wao kutumikia majeshi ya kigeni, naye akaendelea. Alichukua uraia wa Chile. Hakuileta Uingereza ndani ya koti lake.

SHANGAZI: Mwezi uliofuata, Mwalimu.

Mwalimu akavuta pumzi. Alikuwa na jibu muda wote ule, ila halikumpendeza, maana lilimponza yeye pamoja na Afande.

MWALIMU: Hakuna aliyelipa. Januari 1823 Cochrane anaondoka, mwezi huo huo O'Higgins anapinduliwa. Meli zinaoza Valparaíso. Januari 1826 Chiloé, kipande cha mwisho cha Uhispania, kinachukuliwa, na anayeongoza meli ni Blanco yule yule. Na mwaka huo huo serikali inauza meli.

AFANDE: Inauza zipi?

MWALIMU: O'Higgins, Independencia, Chacabuco. Buenos Aires ilikuwa vitani na Brazil, ikazinunua. O'Higgins, ile María Isabel ya Talcahuano, ile ambayo Cochrane alizitengeneza bomba zake, ilizama na watu wote ikizunguka Rasi ya Horn. Iliyofika ni Chacabuco. Chile ikabaki na meli moja tu ya maana, Aquiles.

Afande alikaa kimya kwa muda. Nilimjazia kikombe, hakukigusa. Sijui kama alikuwa anafikiria meli au watu waliokuwa ndani.

AFANDE: Basi hakukuwa na jeshi la kuanzisha. Alilolifanya Cochrane lilizama.

MWALIMU: Na la Blanco pia.

SHANGAZI: Yupo aliyebaki? Katika hao wageni wote, hakuna hata mmoja aliyekaa?

AFANDE: Simpson! Robert Simpson. Alikuwa kijana katika meli za Cochrane. Alikaa. Hata jina lake wakaliita Roberto. Akaoa huko, wanawe wakawa wanamaji. Januari 1839 kule Casma, vita na Shirikisho la Peru na Bolivia, ni yeye aliyeongoza, na alishinda.

SHANGAZI: Miaka kumi na sita baada ya bwana mkubwa kuondoka. Meli moja, mshahara wa kubahatisha, naye bado anakwenda kazini asubuhi. Huyo ndiye ningemwekea alama kwenye daftari.

MWALIMU: Mimi ningeweka alama kwenye kile chuo. Kilifungwa, kikafunguliwa, kikafungwa, kikafunguliwa tena. Mwaka 1858 waliingia vijana, mmoja ana miaka kumi, mtoto wa familia iliyofilisika, Arturo Prat. Mei 21, 1879, mbele ya Iquique, yuko kwenye meli kuukuu ya mbao iliyopewa jina la Esmeralda, na ile manowari ya chuma ya Peru, Huáscar, inaigonga kwa omo. Prat aliirukia karibu peke yake. Akafa juu ya sitaha ya wenziwe, kama O'Brien miaka sitini na moja kabla. Hakuna mgeni aliyemwamuru. Mwezi Oktoba mwaka huo Huáscar ikatekwa Angamos, na walioibana ni manowari mbili, moja inaitwa Almirante Cochrane na nyingine Blanco Encalada. Aliyekuwa kapteni wa Cochrane ni Latorre, mwenzake Prat wa darasa lile lile la 1858.

AFANDE: Umeona? Wenyewe wamempa jina kwenye chuma. Na kila mwaka wanamaji wa Chile walioko London wanakwenda Westminster Abbey kumwekea shada la maua. Kama angekuwa haramia kwao wangekwenda?

SHANGAZI: Mwezi gani?

AFANDE: Shada? Mei.

SHANGAZI: Valdivia ulisema Februari. Callao Novemba.

AFANDE: Ndiyo.

SHANGAZI: Na mtoto wa chuo alikufa lini?

Afande alinigeukia mimi na kuuliza kama kahawa imekwisha. Ilikuwa bado nusu birika.